Cheo ni Dhamana: Maisha ya Carl Ebert wa Opera ya Berlin

Ndugu msomaji, kiko kisa ambacho wengi wetu tuliokaa mkekani mbele ya mwalimu tulikisikia tungali wadogo. Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, amekipokea kutoka kwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, nacho kimo katika Sahihi ya Bukhari. Mtu mmoja alinunua ardhi kwa mwenzake, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamwendea aliyemuuzia, akamtaka atwae dhahabu yake, maana yeye alinunua ardhi, hakununua dhahabu. Yule naye akakataa katakata, akasema aliuza ardhi pamoja na vilivyomo. Basi kila mmoja akawa anamsukumia mwenziwe mali! Wakaenda kuhukumiwa. Mwamuzi akawauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mvulana, mwingine alikuwa na msichana. Akawaambia wawaozeshe watoto hao, wawatumilie katika dhahabu hiyo na watoe sadaka.

Kisa chenye mifupa hiyo hiyo kiliimbwa jukwaani mjini Berlin, Ujerumani, usiku wa tarehe 10 Machi 1932. Hakikufika huko kwa njia ya vitabu vyetu. Mwandishi Mjerumani wa karne ya 18, Johann Gottfried Herder, alikuwa amekiandika kama hukumu ya mfalme wa Kiafrika iliyotolewa mbele ya Alexander wa Makedonia, yule ambaye wazee wetu humwita Iskandar. Katika masimulizi ya Herder, mfalme huyo akimaliza kuhukumu anamuuliza mgeni wake kwao wangehukumu vipi. Iskandar anajibu kwamba kwao watu wote wawili wangekamatwa, na dhahabu ikachukuliwa na mfalme. Mwafrika akastaajabu, akauliza kama jua huwaka na mvua hunyesha katika nchi ya namna hiyo.

Mtunzi wa muziki Kurt Weill, pamoja na mwenzake Caspar Neher aliyeandika maneno, waliichukua hadithi hiyo wakaifanya opera. Waliipa jina Die Bürgschaft, maana yake ni Dhamana. Na mtu aliyeliweka jina lake na cheo chake chini ya kazi hiyo, akaiongoza mpaka ikasimama jukwaani, alikuwa ni mkurugenzi wa jumba lenyewe, Carl Ebert, mwenye umri wa miaka 45. Mwaka mmoja tu baadaye, yeye mwenyewe aliwekwa mbele ya hukumu ya aina ile ile. Habari zake ndizo ninazotaka kuzisimulia leo.

MKURUGENZI WA OPERA NI NANI?

Kwanza tuelewane kuhusu opera. Ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, aghalabu yote, huimbwa badala ya kusemwa, huku kundi kubwa la wapiga ala likiwafuata waimbaji. Asili yake ni Italia, lakini si kitu kigeni kabisa katika nchi za Kiislamu. Khedive Ismail wa Misri alijenga jumba la opera Cairo lililofunguliwa 1869, na ndimo ilimoimbwa Aida ya Verdi kwa mara ya kwanza duniani, Desemba 1871.

Ujerumani ina tabia yake katika jambo hili. Huko zamani kila mtawala mdogo alikuwa na jumba lake la opera, kama vile alivyokuwa na farasi na walinzi wake. Kaiser alipoanguka mwaka 1918 na wafalme wengine wadogo pamoja naye, majumba hayo yalirithiwa na serikali za majimbo na mabaraza ya miji. Tangu hapo mkurugenzi wa opera akawa mtumishi wa umma. Ndiye anayechagua mchezo gani uchezwe, mwimbaji gani aandikwe kazi, fedha za walipa kodi zitumike vipi, na ndiye anayeitwa barazani kujibu mambo yakiharibika. Kwa hiyo kiti hicho kina pande mbili: upande mmoja ni wa sanaa, na upande wa pili ni wa siasa, mtu atake asitake.

Carl Ebert alizaliwa Berlin tarehe 20 Februari 1887. Hakulelewa na wazazi waliomzaa. Alilelewa na watu wengine wa mji huo huo wakampa jina lao. Alipokuwa kijana alijifunza uigizaji chini ya Max Reinhardt, aliyekuwa bingwa wa michezo ya kuigiza katika Ujerumani ya siku zile. Akacheza Berlin, kisha Frankfurt kuanzia 1915, kisha akarudi Berlin 1922. Hakuwa mwimbaji wala mpiga ala. Alikuwa mtu wa maneno, wa sauti na wa mwili unaosema. Na jingine la kukumbuka, kwa sababu litatufaa mbele: kila alipokaa alifungua shule. Alianzisha shule ya uigizaji Frankfurt mwaka 1919, na nyingine Berlin mwaka 1925.

Mwaka 1927 alipewa ukurugenzi wa jumba la Darmstadt, ambalo zamani lilikuwa la mtawala wa Hesse. Hapo ndipo alipoigusa opera kwa mara ya kwanza kama mwongozaji. Aliyeuongoza muziki wa jumba hilo alikuwa Karl Böhm, na aliyemsaidia Ebert katika kazi ya ofisi alikuwa kijana wa Vienna aliyeitwa Rudolf Bing. Wote wawili walikuja kusifika duniani. Ebert alileta katika opera kile alichokijua cha uigizaji. Siku zile ilikuwa kawaida ya mwimbaji mwenye jina kusimama katikati ya jukwaa, akafungua mikono, akatoa sauti yake tamu na kupigiwa makofi. Ebert alimtaka mwimbaji awe yule mtu anayemwimba. Akiwa ni mfalme muuaji, basi hofu ya muuaji ionekane katika hatua zake kabla hata hajafungua kinywa.

MIAKA MIWILI YA BERLIN

Mwaka 1931 aliitwa kuongoza Städtische Oper, yaani Opera ya Mji wa Berlin. Jumba hilo lilijengwa na wenyeji wa Charlottenburg na kufunguliwa 1912, wakati Charlottenburg ulikuwa mji wa peke yake kabla ya kumezwa na Berlin. Wakati Ebert alipokikalia kiti hicho, hali ya nchi ilikuwa mbaya. Mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Mwaka huo huo jumba jingine la opera la Berlin, Kroll, lilifungwa kwa sababu ya upungufu wa fedha na kwa kelele za wanasiasa waliochukia michezo mipya iliyochezwa humo.

Ebert hakuogopa. Mwaka 1931 alitoa Macbeth ya Verdi, muziki ukiongozwa na Fritz Stiedry na mapambo ya jukwaa yakichorwa na yule yule Caspar Neher. Mwaka 1932 alimkaribisha Fritz Busch, mkuu wa muziki wa opera ya Dresden, wakatoa pamoja Un ballo in maschera, nayo pia ya Verdi. Kiangazi cha mwaka huo wawili hao walikwenda Salzburg, Austria, wakatoa opera ya Mozart inayohusu watu wa Ulaya waliozuiliwa katika kasri ya Pasha wa Kituruki. Katika mchezo huo Wazungu wanapojaribu kutoroka wanakamatwa, na Pasha Selim anagundua kwamba mmoja wao ni mtoto wa adui yake mkubwa. Angeweza kumuua. Badala yake anawaachilia wote, na anasema kwamba ni furaha kubwa zaidi kulipa dhuluma kwa wema. Ni ajabu kwamba katika mchezo huo ulioandikwa Vienna mwaka 1782, aliye muungwana kuliko wote ni Mwislamu.

Sasa turudi kwenye Dhamana. Waandishi wake hawakuiacha hadithi kama ilivyo. Katika opera, fedha zinapatikana katika magunia ya makapi, na hakimu wa kwanza anahukumu kama alivyohukumu yule mwamuzi wa kisa chetu: mali iwekwe kwa ajili ya watoto wa pande mbili. Lakini baada ya hapo nchi inavamiwa na dola kubwa. Mjumbe wa dola hiyo anaifufua kesi, anaivunja hukumu ya kwanza, anawafunga wenye kesi na kuzitwaa fedha. Yaani anahukumu kama Iskandar. Kuanzia hapo nchi inaingia katika vita, njaa na maradhi, na watu wawili waliokuwa marafiki, mmoja akiwa mdhamini wa mwenzake, wanageuka. Mwisho wake mdhamini anamkabidhi rafiki yake kwa umati wenye hasira, nao wanamuua. Sheria iliyobaki ni ya fedha na nguvu.

Msomaji ataelewa kwa nini magazeti ya Wanazi yaliishambulia opera hiyo. Kwanza mtunzi alikuwa Myahudi. Pili waliiona sura yao katika kioo.

MACHI 1933

Adolf Hitler alipewa ukansela tarehe 30 Januari 1933. Mwezi uliofuata jengo la bunge likaungua. Na hapa kuna jambo ambalo mshairi angelitunga angeambiwa amezidisha chumvi: bunge lililokosa mahali pa kukaa lilihamia katika jumba la Kroll, ile opera iliyofungwa. Ndani ya jumba hilo, tarehe 23 Machi 1933, ilipitishwa sheria iliyompa Hitler uwezo wa kutunga sheria bila ya bunge. Wale waliokuwa wakilalamika kwamba opera inaingizwa siasa, sasa waliiingiza siasa yao ndani ya opera kwa miguu miwili.

Mwezi huo huo wa Machi zamu ya majumba mengine ikafika. Mjini Dresden, tarehe 7, vijana wa Kinazi walijaa ukumbini wakampigia Fritz Busch kelele mpaka akashindwa kuongoza Rigoletto. Hakuwa Myahudi, kosa lake lilikuwa kwamba hakuwaficha anavyowachukia. Berlin nako Ebert aliondolewa. Stiedry, Myahudi wa Vienna, akaondolewa. Bing, Myahudi vilevile, akaondolewa. Kurt Weill akakimbilia Paris. Mwezi wa Aprili ikatungwa sheria ya watumishi wa umma, na kwa sheria hiyo Wayahudi na wapinzani wakafagiliwa kutoka katika ofisi za serikali, vyuo, na majumba ya opera.

Ebert pia hakuwa Myahudi. Alijulikana kuwa mtu wa mawazo ya kisoshalisti, lakini alikuwa Mjerumani, mrefu, mwenye sauti na haiba, bingwa wa kazi yake. Watawala wapya walihitaji watu wa namna hiyo. Baadaye alisimulia kwamba Hermann Göring, aliyekuwa ameishika Prussia mkononi, alimwita na kumwonyesha mlango wa kubaki na kupewa cheo. Alikataa. Akafunga safari akatoka Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 46, bila ya jumba, bila ya mshahara, na lugha yake, ambayo ndiyo ala ya mwigizaji, akaiacha nyuma.

Si kila mtu aliyefanya hivyo. Heinz Tietjen, aliyewahi kukalia kiti hicho hicho cha Opera ya Mji, na ambaye alizaliwa Tangier nchini Moroko kwa baba balozi wa Kijerumani na mama Mwingereza, alibaki. Alikuwa mkuu wa majumba ya serikali ya Prussia, na akaendelea kuwa mkuu chini ya Göring mpaka 1945. Kwa upande mwingine yuko Kurt Singer, daktari na mwanamuziki aliyeliongoza jumba hilo muda mfupi kabla ya Ebert. Yeye alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 alianzisha chama cha kuwapa kazi wasanii wa Kiyahudi waliofukuzwa, na mwaka 1944 alifia katika kambi ya Theresienstadt.

Watu watatu, kiti kimoja. Mmoja alibaki na cheo, mmoja alipoteza maisha, mmoja alitoka. Mimi sipendi kumhukumu mtu kwa kuwa alibaki nchini mwake, maana si kila mtu ana pa kwenda, na nyoyo zinajuliwa na Mola wake. Lakini naweza kusema hivi: Singer hakupewa nafasi ya kuchagua. Ebert alipewa.

MKIMBIZI NA WENZAKE

Alizunguka. Alifanya kazi Florence nchini Italia, kisha Buenos Aires, Argentina, pamoja na Fritz Busch. Kisha ikaja barua kutoka Uingereza. Tajiri mmoja, John Christie, alikuwa amejenga jumba dogo la opera katika shamba lake huko Glyndebourne, kusini ya London, ili mkewe Audrey Mildmay, aliyekuwa mwimbaji, apate pa kuimba. Jumba lilikuwa na viti kama 300 tu. Busch na Ebert walikubali kwa sharti kwamba mambo ya sanaa wangeyakata wao, na kwamba mazoezi yangekuwa mengi kupita mazoea ya watu. Tarehe 28 Mei 1934 walifungua kwa Le nozze di Figaro ya Mozart. Bing naye akajiunga nao kama meneja. Waingereza wenye pesa waliokuja kwa treni wakiwa wamevaa nguo za usiku mchana mchana, walikuta hapo kazi ya jukwaa ambayo London haikuwa nayo.

Mwaka 1935 walicheza hapo ile opera ya Pasha Selim. Nafasi ya Pasha haiimbwi, husemwa tu. Basi Ebert akaivaa mwenyewe. Nikifikiri juu ya jambo hilo huona kwamba si kila siku mtu aliyefukuzwa kwao kwa dhuluma husimama mbele ya watu, katika vazi la Kituruki, akaeleza ubora wa kusamehe.

Na Uturuki wenyewe ulikuwa unamngoja.

ANKARA

Jamhuri ya Uturuki chini ya Mustafa Kemal Atatürk ilikuwa imeamua kugeuza kila kitu. Mwaka 1928 iliacha herufi za Kiarabu ikachukua za Kilatini, jambo ambalo sisi wa pwani, tuliorithi utenzi ulioandikwa kwa herufi hizo, tunaweza kulipima uzito wake. Mwaka 1934, wakati wa ziara ya Shah wa Iran, ilichezwa Ankara opera ya Kituruki iliyotungwa na Ahmet Adnan Saygun. Mwaka huo huo serikali iliuondoa muziki wa kale wa Kituruki katika redio, na haukurudishwa mpaka 1936. Nalisema hili wazi. Mpenzi wa udi na kanuni hawezi kulisoma bila kuumia. Dola inayomnyamazisha mpiga tambur kwa amri haikosi kufanana, angalau kwa kidole kimoja, na yule mjumbe aliyefufua kesi ya dhahabu.

Ndiyo nchi iliyomwita Ebert. Mtunzi Paul Hindemith aliitwa kwanza, 1935, kutoa shauri juu ya mafunzo ya muziki. Ebert akafuata kwa upande wa mchezo na opera. Mwaka 1936 kilianzishwa Ankara chuo cha taifa cha muziki, na uigizaji ukawekwa humo. Kwa miaka kadhaa Ebert alikuwa akienda na kurudi. Vita vilipoanza 1939 na milango ya Ulaya ikafungwa, alihamia Ankara na jamaa yake, akakaa mpaka 1947.

Angeweza kufanya yaliyo rahisi. Angeweza kuwaleta waimbaji wa kigeni, wakaimba Kitaliano mbele ya mawaziri, na mawaziri wakapiga makofi bila ya kuelewa neno. Alifanya kinyume. Aliwachukua vijana wa Kituruki, wake kwa waume, akaanza nao kwenye kupumua na kutembea, akawafundisha kwa miaka. Na kile walichocheza walikicheza kwa Kituruki. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 walicheza sehemu za Tosca na Madama Butterfly za Puccini, na 1942 wakacheza Fidelio ya Beethoven. Fidelio ni habari ya mwanamke anayevaa nguo za kiume na kuingia gerezani ili amwokoe mumewe aliyefungwa na mkubwa mmoja kwa chuki za kisiasa. Mwaka ule Ulaya nzima ilikuwa gereza, na Mjerumani aliyefukuzwa alikuwa akiwafundisha vijana wa Kiislamu wimbo wa wafungwa wanaotoka kuliona jua.

Ulimi wake katika kazi hiyo ulikuwa wa mtu mwingine. Mkalimani wake chuoni alikuwa Sabahattin Ali, mwandishi wa riwaya aliyesoma Ujerumani, ambaye mwenyewe alikuwa ameshaonja jela ya nchi yake kwa sababu ya shairi. Watu wawili hao walifanya kazi bega kwa bega: mmoja alikimbia dola iliyotaka kumtumia, mwingine aliishi katika dola isiyomwamini. Ebert alitoka salama. Sabahattin Ali aliuawa 1948, karibu na mpaka wa Bulgaria, alipokuwa akijaribu kutoka nchini.

Jambo la wanawake nalo tusiliruke, maana najua wako wasomaji watakaoliuliza. Mwanamke wa kwanza wa Kiislamu kupanda jukwaani Uturuki, Afife Jale, alifanya hivyo Istanbul mwaka 1920 na polisi wakamwandama. Miaka ishirini baadaye wasichana walikuwa wakisomea kazi hiyo katika chuo cha serikali. Juu ya kufaa au kutofaa kwa jambo hilo masheikh wana maneno yao, na sina ilimu ya kusimama mahali pao. Ninachoandika ni yaliyokuwa.

Na matunda yalionekana. Jumba la maonyesho la Ankara liligeuzwa kuwa jumba la opera na msanifu majengo Mjerumani Paul Bonatz, likafunguliwa Aprili 1948. Mwaka 1949 ikatungwa sheria ya kuanzisha Majumba ya Michezo na Opera ya Taifa. Ebert alikuwa ameshaondoka. Walioyajaza majukwaa hayo walikuwa ni wale vijana. Mmoja wao, Cüneyt Gökçer, alikuja kuyaongoza Majumba ya Michezo ya Taifa kuanzia 1958. Na mwaka 1950 ndiko Ankara alikoanzia mwimbaji Leyla Gencer, ambaye baadaye aliwaimbia Wataliano opera zao wenyewe katika jumba la La Scala, wakamkubali.

KURUDI

Kutoka Uturuki Ebert alikwenda Marekani, akafundisha katika chuo kikuu cha Southern California, Los Angeles. Alirudi pia Glyndebourne, ambako alikuwa mkuu wa sanaa mpaka 1959. Mwaka 1951 alikuwa Venice, akaongoza kwa mara ya kwanza duniani The Rake's Progress ya Igor Stravinsky. Bing naye alikuwa ameshapanda, akawa meneja mkuu wa Metropolitan Opera ya New York, 1950 mpaka 1972. Ukihesabu, wale waliofagiliwa Machi 1933 walikuja kuujaza ulimwengu.

Mwaka 1954 Berlin ikamwita. Jumba la zamani halikuwapo tena. Mabomu yaliliangusha Novemba 1943, na opera ilikuwa ikicheza katika jumba la kuazima. Mkurugenzi aliyekuwa akimaliza muda wake alikuwa Heinz Tietjen. Baada ya vita alihojiwa juu ya miaka yake chini ya Wanazi, akaruhusiwa kufanya kazi, na tangu 1948 alikuwa amerudi katika kiti kile. Basi aliyebaki akamkabidhi aliyetoka. Sijui kama waliangaliana machoni. Ninalojua ni kwamba Ebert alikikalia kiti hicho kwa miaka saba, kuliko miwili ya kwanza aliyonyang'anywa.

Jumba jipya lilikamilika 1961 mahali pale pale pa zamani, likaitwa Deutsche Oper Berlin. Tarehe 13 Agosti mwaka huo ukuta ulianza kujengwa kuugawa mji. Wiki sita baadaye, tarehe 24 Septemba, jumba likafunguliwa kwa Don Giovanni ya Mozart. Ferenc Fricsay aliongoza muziki, Dietrich Fischer-Dieskau aliimba, na Carl Ebert, mwenye miaka 74, ndiye aliyeongoza mchezo. Baada ya hapo akaondoka kazini, safari hii kwa hiari yake. Alifariki Santa Monica, California, tarehe 14 Mei 1980, akiwa na umri wa miaka 93.

Nimeyasimulia haya kwa sababu moja. Katika nchi zetu, na si zetu tu, mtu akipewa ofisi ya utamaduni, iwe ya redio, ya jumba la michezo au ya gazeti, huanza kuamini kwamba ofisi ndiyo kazi. Siku akitishwa kuipoteza, hutoa chochote ili abaki nayo: humtoa rafiki, hutoa shairi lake, hutoa maneno aliyoyaamini jana. Ebert alijua kwamba kazi yake haikuwa katika kiti. Ilikuwa katika uwezo wa kumfundisha mtu kusimama na kusema. Kiti kilibaki Berlin. Uwezo huo ulisafiri naye mpaka Ankara, ukageuka Kituruki.

Kwetu husemwa cheo ni dhamana. Dhamana hushikwa kwa ajili ya mwingine, na mwenyewe akija kuitaka hurudishwa. Lakini akija asiye mwenyewe, akiwa na bunduki na barua ya uteuzi mkononi, kumkabidhi si kurudisha dhamana. Wale watu wawili wa kisa cha Abu Huraira walikuwa na dhahabu mikononi mwao, na kila mmoja alisema: hii si yangu. Ni neno zito kwa ulimi, na Machi 1933 waliolitamka Berlin walikuwa wachache.